Mashini ya kampani: tazama ndani mbele ya kutoa feza

Mwezi huu tunajibu swali la kijana wa Kolwezi. Anataka kununua kompyuta ya kubeba, ile tunaita ordinatere, iliyokwisha kutumiwa huko Ulaya. Muuzaji amemwonyesha mbili. Zinafanana kama mapacha: ThinkPad T480 zote mbili, rangi moja, ukubwa mmoja. Lakini kwa moja anaomba dola mia moja zaidi. Anasema: «Hii njo ya kampani yenyewe, iko na vPro. Ile ingine iko ya nyumba tu.» Kijana anauliza: hiyo vPro ni kitu gani, na nitajua namna gani kama muuzaji anasema kweli?

Swali ni zuri, na si la kijana mmoja. Masoko yetu yamejaa mashini za namna hiyo: Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Kampani za Ulaya na Marekani huzitumia miaka michache, kisha huziuza kwa wingi, nazo zinafika kwetu. Ni mashini nguvu, na fundi anazifungua kwa urahisi. Wazazi wengi wanawanunulia watoto walio chuoni, na shule nyingi zinazichukua kumi ao kumi na mbili kwa mara moja. Kwa hiyo ni vema tuseme jambo hili polepole.

Tuanze na kazi yake. Fikiri fundi anayekaa Lubumbashi. Anatunza kompyuta za kituo cha afya huko Kolwezi, karibu kilometa 300. Asubuhi anapigiwa simu: «Papa, mashini imekataa kuamka. Inaonyesha kioo cha bluu tu.» Afanye nini? Labda amekwisha kuweka ndani yake AnyDesk, TeamViewer ao RustDesk, programu zile za kuona kioo cha mwingine kwa mbali. Lakini programu hizo zinaishi ndani ya Windows. Windows ikiwa imekufa, nazo zimekufa pamoja nayo. Basi fundi anapanda basi, anapoteza siku mbili, na pengine anakuta kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Kampani kubwa zilichoka na safari hizo. Ndiyo sababu katika mwaka 2006 Intel ilileta jina vPro. Ndani ya mashini ya vPro mna akili ya pili, ndogo, mbali na prosesa kubwa inayofanya kazi yako. Akili hiyo haingojei Windows. Kama mashini imechomekwa kwenye umeme na kebo ya mtandao imeingia, akili ndogo inakaa macho hata wakati mashini imezimwa. Fundi mwenye neno la siri anaweza kuiwasha toka mbali, kuizima, kuingia katika BIOS, na hata kuianzisha kwa diski iliyo mezani pake mwenyewe. Kazi hiyo ya kutawala kwa mbali inaitwa AMT. Kuanzia mashini za mwaka 2010, anaweza pia kuona kioo chote na kushika panya na klavie kana kwamba amekaa mbele yake.

Umeona? Si mchezo wa watoto. Ni kitu kizuri sana kwa mwenye mashini mia tano. Lakini muuzaji akisema «iko na vPro», wewe usiitike haraka.

Etiketi iliyobandikwa karibu na klavie haitoshi. Etiketi inanunuliwa sokoni, na fundi akibadilisha kifuniko cha juu, etiketi ya mashini moja inakwenda kukaa juu ya nyingine. Jina la mashini nalo halitoshi. T480 ilitoka mwaka 2018 na prosesa za namna nyingi. Nyingine zina vPro, nyingine hazina, na kwa nje hakuna tofauti hata moja.

Ukweli wa kwanza uko katika namba ya prosesa. Washa mashini, bonyeza kifungo cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha bonyeza Enter. Amri hiyo ni ileile hata kama Windows inasema Kifaransa. Tafuta mstari wa prosesa na uisome namba mpaka mwisho. Ukiona i5-8250U, hakuna vPro, hata muuzaji aape. Ukiona i5-8350U, inaweza kuwa nayo. Katika i7 za mwaka uleule, 8550U haina, 8650U inaweza kuwa nayo. Kwa mashini za zamani kidogo: i5-6200U haina na i5-6300U inaweza, i5-7200U haina na i5-7300U inaweza. Kwa zile zilizofuata: i5-10210U haina, i5-10310U inaweza, i5-1135G7 haina, i5-1145G7 inaweza. Namba yako haiko hapa? Iandike katika tovuti ya Intel, ukurasa wa prosesa hiyo utakuambia.

Na usidanganyike juu ya nguvu. Ile 8250U na ile 8350U ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zina viini vinne, na mwendo wake umepitana kidogo tu. Mwanafunzi anayeandika kazi yake ya chuo hataona tofauti yoyote. Dola mia zile, kama anazilipa, hazinunui mwendo.

Sasa, kwa nini ninasema «inaweza kuwa nayo»? Sababu prosesa peke yake haitoshi. Ni kama dereva mwenye leseni asiye na gari. Lazima kadi mama iwe ya namna inayokubali, lazima kadi ya mtandao iwe ya Intel na ya ukoo wa kampani, na lazima kiwanda kiwe kimeiacha akili ndogo wazi.

Kadi ya mtandao unaiona hivi: Windows na R tena, andika devmgmt.msc, fungua fasi ya mtandao. Kwa mashini nyingi za miaka hiyo utasoma I219, kisha herufi. I219-LM ndiyo ya kampani. I219-V ni ya nyumba, na AMT haipiti humo. Herufi moja tu! Mashini nyembamba zisizo na tundu la kebo zinategemea wifi ya Intel iliyo ndani. Ile adapta ndogo ya USB ya kuingiza kebo haitasaidia, kwa maana akili ndogo haiioni.

Kisha, ushahidi mkubwa uko ndani ya mashini, mbele ya Windows kuamka. Zima mashini kabisa, iwashe tena, na bonyeza haraka haraka: kwa ThinkPad ni F1, kwa HP ni F10, kwa Dell ni F2 ao F12. Mashini nyingi zinakubali pia Ctrl na P pamoja. Unatafuta maneno Intel AMT ao MEBx. Katika ThinkPad yanakaa chini ya Config. Ukiyakuta na unaweza kuingia, kitu kipo. Usipoyakuta fasi yoyote, hata prosesa ikiwa ile nzuri, hesabu kwamba hakuna.

Tena soma vizuri kinachoandikwa pale. ThinkPad ina machaguo matatu: imewashwa, imezimwa, na imezimwa milele, yaani «Permanently Disabled». Mtu akikwisha kuchagua ile ya tatu, hakuna fundi wa sokoni atakayeirudisha. Na Dell iliwahi kuuza mashini ambazo mnunuzi mwenyewe, pengine serikali ao benki iliyoogopa wapelelezi, aliagiza akili ndogo izimwe toka kiwandani. Prosesa ya vPro imo, vPro yenyewe haimo.

Kwa mashini mpya kidogo kuna jambo jingine. Tangu mwaka 2022 Intel imegawa vPro kwa majina mawili, Enterprise na Essentials. Enterprise ndiyo kamili. Essentials inatawala kwa mbali kwa sehemu tu, wala haikupi kuona kioo cha mashini iliyokufa. Muuzaji atasema vPro ni vPro. Hapana, si moja.

Kuna pia mashini za AMD. Hizo zina njia yao inayoitwa DASH. Tafuta neno PRO katika jina la prosesa, mfano Ryzen 5 PRO 4650U; bila neno hilo, pita. Lakini hata kwa zile za PRO, kadi ya mtandao lazima ikubali DASH. Mafundi wanaoitumia ni wachache, na mimi singeongeza dola hata moja juu yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, anaihitaji? Tazama maisha yetu yalivyo. Umeme unakatika mchana, unarudi usiku. Kompyuta ya kubeba inayokula batri, ikiwa imelala ao imezimwa, haijibu mwito wa AMT, inataka kuchomekwa. Na intaneti ya nyumba nyingi inatoka katika modemu ndogo ya USB, ao katika simu iliyofungwa kwa kebo ya USB. AMT haijui njia hizo. Inajua kadi ya Intel iliyo ndani, basi. Kisha lazima kuwe na mtu upande wa pili: fundi aliyeitengeneza, aliyeandika neno la siri, mwenye chombo cha kuita. Kwa mwanafunzi wa Kolwezi hakuna mtu huyo. Kijana, chukua ile ya bei nafuu, na feza iliyobaki nunua SSD nzuri ao batri mpya.

Jibu langu lingekuwa tofauti kwa shule yenye chumba cha kompyuta ishirini, umeme wa sola usiokatika, na fundi mmoja anayetunza pia shule ya Likasi na ya Fungurume. Huyo atafurahi sana kuwasha mashini zote saa kumi na mbili asubuhi akiwa kwake, na kusafisha ile iliyojaa virusi bila kupanda gari. Kwa shule hiyo, kuchagua LM badala ya V ni akili. Lakini inunue mashini zote za namna moja. Nusu hivi na nusu vile ni taabu kwa fundi.

Wakati tuko hapo, shule iandike pia winver katika fasi ileile ya Windows na R, kisha isome ni Windows gani. Windows ya Home haikubali kuingizwa katika utawala wa pamoja wa biro, wala haikubali wengine waiingie kwa mbali kwa njia ya Windows yenyewe. Pro inakubali. Na kumbuka kwamba Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Zile i5-6300U na i5-7300U, hata ziwe na vPro yote, haziko katika orodha ya Windows 11. Bei yake ionyeshe hilo.

Mpaka hapa nimesema juu ya kukosa kitu ulicholipia. Kuna neno lililo zito zaidi. Itakuwaje kama kitu kipo kweli, lakini kamba iko katika mkono wa mtu mwingine?

Nimesema akili ndogo inatii mwenye neno la siri. Mashini imetoka kampani fulani ya Ulaya. Je, walifuta utawala wao mbele ya kuiuza? Wengi wanafuta diski na kusahau akili ndogo. Ukiweka Windows mpya hujagusa kitu humo. Ukibadilisha diski hujagusa kitu. Na kama walifundisha mashini kuita kwao, basi siku unapoichomeka kwenye kebo ya intaneti, yenyewe inapiga mwito nyumbani kwa zamani. Ni kweli, kuna alama: mtu akitazama kioo chako kwa njia hiyo, ukingo wa kioo unameta rangi nyekundu na manjano, na kwa utawala wa chini mashini inamwomba namba sita ambazo wewe peke yako unaziona. Lakini kwa utawala wa juu, ule wa kampani, namba hizo haziombwi kwa lazima.

Si hadithi za kutisha watoto. Tarehe 1 Mei 2017 Intel yenyewe ilitangaza kosa katika AMT, lililokuwamo katika mashini toka zile za mwaka 2010. Maksim Malyutin wa kampani Embedi ndiye aliyeligundua: mgeni aliweza kuingia katika AMT iliyofunguliwa kwa kutuma jibu tupu mahali pa neno la siri. Dawa ilitoka, lakini inaingia kwa kusasisha BIOS na programu ya ndani kutoka kwa mtengenezaji, na mashini nyingi za sokoni hazikusasishwa kamwe. Kisha Januari 2018 Harry Sintonen wa F-Secure alionyesha jambo jingine: mtu aliyeshika mashini kwa muda usiofika dakika moja anaweza kubonyeza Ctrl na P, kuandika neno la kiwanda ambalo ni «admin», na kujifungulia mlango, hata kama BIOS ina neno lake la siri. Sababu ni moja: wenye mashini hawakubadilisha lile «admin».

Kwa hiyo fanya hivi mbele ya muuzaji. Ingia katika MEBx na jaribu «admin». Ikikubali, hakuna mtu aliyeiandalia neno. Itakuomba uandike jipya palepale, la herufi zisizopungua nane, kubwa na ndogo, pamoja na tarakimu na alama. Liandike kwenye karatasi na uifiche nyumbani. Kisha, kama hutatumia AMT, izime katika BIOS. Ikikataa «admin», mtu alikutangulia. Mwambie muuzaji aifungue yeye. Mashini nyingine zina chaguo la kufuta utawala katika BIOS, kwa HP linaandikwa «Unconfigure AMT on next boot». Nyingine zinataka fundi atoe batri ndogo ya kadi mama. Akishindwa, usinunue.

Ukiwa ndani ya Windows, fungua pia intaneti na uandike localhost:16992. Ukiona ukurasa wa Intel unaokuomba jina na neno la siri, mashini hiyo iko chini ya utawala wa mtu sasa hivi. Lakini usipoona kitu usiseme tayari yote ni safi, sababu ukurasa huo unahitaji programu ndogo ya Intel iwe inafanya kazi ndani ya Windows.

Na kuna kamba mbili nyingine zisizo za Intel. Katika BIOS tafuta neno Computrace ao Absolute. Ni kilinzi cha kutafuta mashini iliyoibiwa, nacho kinarudi hata diski ikibadilishwa. Kikiwa kimewashwa, uliza maswali. Ya pili inaitwa Autopilot ya Microsoft: kampani inaandikisha mashini yake kwa Microsoft, na kila Windows mpya ikiona intaneti inaomba barua-pepe ya mfanyakazi wa kampani ile. Wauzaji wajanja wanaijua. Wanaanzisha Windows bila intaneti, wanakuonyesha kioo kizuri, na wewe unakuja kuanguka mtegoni siku ile utakapoweka Windows upya nyumbani. Basi omba Windows irudishwe mwanzo pale pale dukani, intaneti ikiwa imeunganishwa. Lete simu yako na mega zako. Ni saa moja ya kukaa kwenye kiti. Likitokea jina la kampani, ni kampani hiyo yenyewe inayopaswa kuifungua.

Tena, wazazi, sikieni: mashini ambayo bado inamtii bwana wa zamani, pengine haikuuzwa naye kamwe. Hapa kwetu makampani ya migodi yana mamia ya mashini hizi, na mara kwa mara moja inapotea katika biro ao katika gari. Ikija kuonekana mkononi mwa mtoto wako, askari hatauliza vPro ni nini. Atauliza karatasi.

Karatasi hiyo iandikwe na muuzaji kwa mkono wake: jina lake, tarehe, bei, mtindo wa mashini, namba ya prosesa, na namba ya serie. Kama alikuomba dola zaidi juu ya vPro, aandike pia neno vPro. Namba ya serie iko chini ya mashini, na iko tena katika kurasa za kwanza za BIOS. Soma zote mbili. Kama hazifanani, mtu amebadilisha kifuniko ao kadi mama; muulize ni kipi, feza ikiwa bado mfukoni mwako.